Kilomita Nane

Jumatano, 6 Aprili 1983

Leo nimepewa kazi nisiyoiomba. Rubani Nicodemo ametua saa nne asubuhi na vipuri vya trekta, akaja moja kwa moja chumba cha redio. Nikampa shikamoo, akaitikia, akavuta kiti. Anataka kuchagua watu wa kuwauliza hali ya hewa akiwa tayari juu. Ile anayopewa kabla ya kuondoka inapoa kama chai — akifika mlima Hanang imekuwa habari nyingine. Na juu hakuna nafasi ya kuuliza watu kumi. Ndege ni ndogo, injini moja, mafuta ya kupimwa.

Tuko wanne. Uwanja mkubwa wa ndege, mbali huko — wanajua pepo za juu na mvua ya nchi nzima, ila vilima vyetu hawavioni. Misheni kule juu Mbulu, kwa Sista Verediana — yeye anaona ukingo wote wa bonde, lakini redio yake inatumia betri ya gari, anaifungua saa nne na saa nane tu. Sebastiani, fundi wa pampu ya maji, kilimani Getanuwas. Na mimi hapa shambani.

Siku chache hizi atatusikiliza wote, alinganishe maneno yetu na anachokikuta mwenyewe. Kisha ataandika majina kwa mpangilio kwenye kadi anayoifunga pajani akiruka.

Nikamwambia mimi ni karani tu, jiografia nimesoma hadi kidato cha nne, basi. Akacheka. Anasema jiografia ni ile ile, ila hii ukikosea anakufa mwalimu, na mwalimu ni yeye.



Alhamisi, 7 Aprili

Fomu niliyopewa ina visanduku vitatu: upepo, wingu la mlimani, umbali wa kuona. Natoka nje saa tatu kamili. Upepo nautazama kwenye ule mfuko mwekundu wa upepo, kiwanjani. Umbali napima kwa vitu. Tangi la maji ni kilomita mbili, maghala ni tano, mikaratusi ya Gendabi ni nane. Nikiona mikaratusi naandika nane.

Leo niliona mikaratusi. Rubani amepita juu saa tatu na nusu, akasema kwenye redio kwamba kila kitu kiko kama karani alivyosema. 

Sebastiani naye kaulizwa upepo wa Getanuwas. Kajibu ni upepo wa kuvua kofia, si wa kuvua shati. Rubani akauliza hiyo ni spidi ngapi. Sebastiani akamwambia avae kofia aje apime. Vituo vyote vilicheka, maana redio hii ni moja, akisema mmoja wanasikia wote. Mimi nilicheka pia. Halafu nikaona Bwana Margwe, meneja, amesimama nyuma yangu, nikaacha.

Bwana Margwe anasema shamba letu litakuwa mfano. Fomu zinakwenda makao makuu, nakala ya kaboni inabaki hapa. Ameniagiza jambo moja tu: nisiache kisanduku wazi hata siku moja. Kisanduku wazi ni mtu hakufika kazini.

Jumamosi, 9 Aprili

Nimefanya nini mimi.

Niandike kwa utaratibu. Saa mbili na nusu Sebastiani alisema redioni kwamba kwake ukungu umekula ng'ombe, zimebaki kengele tu. Saa tatu nikatoka. Nyeupe. Mikaratusi hakuna, maghala hakuna, tangi hakuna. Hata mfuko mwekundu sikuuona, na huo ni hatua mia mbili. Nikarudi ndani nikakaa na kalamu. Sikujua niandike nini. Siyo moja, siyo sifuri — mimi sikuwa nimepima kitu. Bwana Margwe alikuwa nyuma yangu, ananusa ugoro, anatazama mkono wangu. Akasema, andika basi, binti, saa inapita.

Nikaandika nane. Ya jana ilikuwa nane.

Nikaisoma redioni kwa sauti nzuri, kama tulivyofundishwa shuleni kwa masista. Nilifikiri ukungu utapanda kabla hajafika. Hutoka mara nyingi jua likipanda.

Haukutoka. Saa tatu na dakika ishirini nikasikia ndege juu yetu, hatuioni. Ikazunguka. Ikarudi. Mara nne. Mara ya tatu ilikuwa chini mno, vikombe viligonga mezani. Mara ya nne magurudumu yakagusa, si kiwanjani bali kwenye ngano pembeni, mistari miwili mirefu kwenye ngano changa.

Rubani Nicodemo alikuja kwa miguu, suruali imelowa hadi magotini. Tangi la maji lilipita chini ya bawa lake, anasema, karibu kiasi cha kuona kutu. Akaniuliza kwa upole tu: ukungu uliingia saa ngapi?

Bwana Margwe akajibu kabla yangu. Baada ya ripoti, kapteni. Umeshuka ghafla.

Nikatia nakala kwenye faili.

Jumapili, 10 Aprili

Baada ya misa rubani amekuja kunionyesha kadi yake. Ameichora kwa rula. Wa kwanza ni mimi. Wa pili Sista, katika saa zake. Wa tatu uwanja mkubwa, kwa pepo za juu. Sebastiani amekatwa mstari.

Kwa nini? Anasema ni hesabu rahisi. Kama ukungu ungekuwepo saa mbili na nusu, mimi Hilaria ningeuona saa tatu. Hilaria kaona kilomita nane. Basi yule mzee anasimulia, haripoti. Mtu wa kusimulia ni mzuri kwenye pombe, si kwenye mawingu.

Yaani amemkata msema kweli kwa kipimo cha uongo wangu. Na kadi ile ataruka nayo kila siku.

Nilifungua mdomo. Akadhani nataka kumshukuru, akasema si kitu, mdogo wangu, umestahili.

Kanisani walikuwa wanaongea kwa chini. Shamba la jirani, mtunza stoo amechukuliwa na Land Rover tangu Ijumaa. Karatasi zake hazikulingana. Siku hizi neno ni moja tu — mhujumu. Je, karatasi yangu inalingana na nini?

Jumatatu, 11 Aprili

Siwezi kumruka mkubwa wangu nikaenda kwa rubani. Kwetu Nambis, huko Mbulu, mtu haendi kwa jirani kabla hajasema na baba. Kwa hiyo nimekwenda kwa Bwana Margwe, nimesimama mlangoni hadi aliponiambia niingie. Nikamwambia ile nane sikuiona.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliinuka akafunga dirisha. Akasema, "Mwanangu, ukisema umekosea, watauliza nani alikuwa amesimama nyuma yako."

Nikaona mkono wake ulivyokuwa ukitafuta kopo la ugoro, na kopo liko mbele yake. Anaogopa kuliko mimi. Sikujua kwamba wakubwa huogopa hivyo. Imenitisha zaidi.

Anasema fomu imeshaondoka. Niangalie tu kuanzia sasa.

Jumatano, 13 Aprili

Mvua siku ya pili. Barabara ya Katesh imekatika, udongo mweusi umemeza lori hadi kwenye bodi. Rubani hajaja.

Sebastiani bado anaripoti. Kila asubuhi saa mbili na nusu, ingawa hakuna anayemwandika. Leo: vilima vya Mbulu anaviona vya mbele tu, vya nyuma vimefunikwa blanketi. Mbuzi wamegoma kutoka. Kisha akasubiri. Kisha akasema, "Binti wa Mbulu, mnanisikia, au naongea na pampu?"

Nilibonyeza kitufe. Nikasikia pumzi yangu mwenyewe ikienda redioni. Nikaachia.

Nimemwandika humu, kwenye daftari langu, maana kwenye fomu hana kisanduku.

Ijumaa, 15 Aprili, saa nane mchana

Naandika mezani, redio iko wazi mbele yangu. Nisipoandika nitapiga kelele.

Perpetua, mke wa fundi wetu wa kuchomea vyuma, ana uchungu tangu jana asubuhi. Mtoto amelala vibaya. Fransiska, nesi wa zahanati, amesema wazi kwamba hapa hana la kufanya, apasuliwe leo, na wa kupasua yuko misheni. Trekta ilijaribu kumpeleka, ikarudi. Rubani Nicodemo kaitwa, kafika saa sita. Wametoa viti viwili vya ndege, wakamlaza Perpetua kwenye godoro, Fransiska akakaa chini kumshika. Perpetua alipopitishwa hapa dirishani aliniona, akaniambia nimsalimie Mungu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye redio. Alikuwa anatania! Midomo ilikuwa ya kijivu.

Wameruka saa saba na robo. Redio ya misheni imefungwa hadi saa nane. Uwanja mkubwa wanasema mawingu yako juu, pepo si mbaya — ndiyo, za juu. Lakini kwenda Mbulu kuna vilima, na katikati ya vilima kuna mianya miwili, wa kushoto na wa kulia. Rubani anapitia mmoja. Ukifungwa akiwa ndani, hakuna nafasi ya kugeuka.

Saa saba na dakika ishirini na tano akaniita. Mianya ikoje?

Nilikuwa nimetoka kuangalia. Vilima vyote vilikuwa nyuma ya mvua. Nikamwambia sivioni.

Akasema, "Kadiria, Hilaria. Kadirio lako linanitosha."

Bwana Margwe alikuwa nyuma yangu. Kwa chini akasema, mwambie kumi, mwambie kumi apite. Sijui kama alitaka Perpetua apone au fomu ijae. Labda vyote viwili. Mimi nilikuwa nasikia kwenye redio, nyuma ya sauti ya rubani, Perpetua analia.

Nikabonyeza. Nikasema, na najua vituo vyote vilisikia, mashamba yote, na makao makuu kama walikuwa wamefungua: "Kapteni, usichukue neno langu. Jumamosi sikuona chochote. Ile nane niliitunga. Sebastiani ndiye aliyeona. Muulize Sebastiani."

Mkono wa Bwana Margwe ulishika mgongo wa kiti changu. Haukunigusa.

 Nilihesabu hadi kumi na moja. Nilifikiri amekata. Kisha rubani, sauti imebadilika kabisa, kama ya mtu nisiyemjua: "Getanuwas. Getanuwas. Unaona nini?"

Sebastiani hakucheka wala hakusema kitu juu yangu. "Nipo, kapteni. Mwanya wa kushoto umefungwa, usiende. Wa kulia naona mwanga, naona nyasi za juu na mti mmoja. Lakini mvua inatembea kuja. Kama unapita, pita sasa. Kama hupiti, rudi."

Rubani akasema anapita wa kulia.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Saa saba na dakika thelathini na moja.

Saa saba na dakika thelathini na nane Sebastiani akasema mlio umeingia mwanyani. Dakika mbili baadaye akasema mvua imefika, mwanya haupo tena, na mlio haupo. Hajui kama amepita au vipi. Nikamwomba arudie. Akarudia neno kwa neno, polepole, kama kwa mtoto. Kisha nikamwambia shikamoo, sikuwa nimemwamkia siku zote hizi. Akaitikia marahaba. 

Kutoka mwanyani hadi misheni ni dakika nane.

Bwana Margwe amechukua faili la nakala za fomu, amekwenda nalo ofisini kwake, akafunga mlango.

Saa nane kamili. Nimeita misheni. Kelele za radi tu.

Saa nane na dakika sita. Nimeita. Nimesikia sauti ya mwanamke, nusu neno, ikapotea. Inaweza kuwa Sista. Inaweza kuwa kituo kingine chochote.

Mume wa Perpetua amesimama nje chini ya mvua, hataki kuingia. Miwani yake ya kuchomea bado iko kwenye paji la uso. Haniulizi kitu, ananitazama mdomo tu.

Saa nane na dakika kumi na tano. Bwana Margwe ameniita. Niende na kalamu na fomu tupu, tuandike upya ile ya tarehe tisa.

Nimeita misheni.

Saa nane na dakika ishirini. Ameita tena, kwa jina langu lote na la baba yangu. Sijawahi kuitwa na mkubwa mara mbili. Miguu imeanza kuinuka yenyewe, nimeishikilia chini ya meza kwa mkono. Nimemjibu kutoka hapa hapa nilipokaa kwamba sitoki, nasubiri misheni.

Nasikia mlango wake unafunguka. Redio inakoroma. Nimeita tena.