Maziwa Yangu na Ile Mashine

Mama, shikamoo. Nisamehe kukaa kimya, mtoto hanipi nafasi. Hapa hospitali ya Tabora wanataka kupima maziwa yangu, wajue kwa nini Neema haongezeki uzito. Nikamuuliza dada wa maabara, "Mnayachoma?" Si unajua mwiko wetu: maziwa ya mama yakiingia motoni, titi linakauka. Akacheka. "Hatuchomi, mama Neema. Tunakatakata protini, umeme unazirusha kama ukungu, mashine inapima uzito wa kila kipande." Mbona nilipoigusa ilikuwa ya moto? Nimemwambia sitoi hata tone mpaka nikusikie wewe. Nimekukumbuka sana. Nitumie kwa basi kitenge cha kumbebea, karanga za kusaga, na neno lako: nitoe au nisitoe?