Barua Iliyotiwa Fremu

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kaka yako hajambo, na cherehani yake bado inapiga kelele kuliko yeye.

Muhula uliopita niliisahau mezani barua ya chuo. Baba akaona mhuri, akaitia fremu na kuitundika kwenye kibanda chake cha ushonaji, mbele ya meza ya pasi ninapomsaidia kila Jumamosi. Wateja anawaonyesha kwa mbali: "Hiyo ya binti yangu!" Nami nainamia pasi. Shangazi, ilikuwa barua ya onyo! Nilikuwa nimefeli masomo mawili, na wastani usipopanda ufadhili ungekatwa.

Nilipiga pasi huku ile fremu ikinitazama, kisha nikirudi chuoni nasoma kama mwenye deni. Wiki iliyopita matokeo yalitoka: nimefaulu yote, ufadhili unaendelea! Nikampelekea Baba barua mpya, nikamweleza ukweli wa ile ya kwanza, nikamwomba aishushe.

Akakata uzi kwa meno. "Niliisoma siku ile ile," akasema. "Ulidhani niliitundika hapo kwa ajili ya wateja?"

Sasa zinaning'inia zote mbili. Mteja akiuliza, namwambia asogee asome.

Ni mimi,
binti wa fundi