Mama Alipoachia Mpini

Dada yangu mpendwa,

Ka! Mfuniko wa kopo ukagonga meza. Ni sauti ndogo tu, hata Bibi chumbani hakuisikia, lakini tangu Jumamosi inanifuata ofisini, bafuni, hata nikiwa napiga mswaki. Nitakueleza. Kwanza shikamoo. Tumbo linaendeleaje? Mtoto bado anacheza mpira humo ndani? Shemeji naye hajambo? Sisi huku tuko salama. Bibi bado ni wa kitandani, ila ulimi wake ni mzima kabisa. Jana aliniambia uji wangu una mabonge ya kutosha kujengea nyumba.

Unaujua mchezo wangu wa Jumamosi, ule unaouita mchezo wa watu wazima waliokosa kazi. Mimi nasimulia mapango na majumba ya kale, kila mwenzangu ana shujaa wake na anasema shujaa huyo anafanya nini, na penye shaka tunarusha dadu. Ninachokipenda kuliko vyote ni kutega. Mchana nachora ramani za nyumba ofisini, ambako kila mlango lazima ufunguke. Jioni nachora milango isiyotaka kufunguka. Nina masharti yangu. Mtego lazima ujionyeshe kabla haujauma, la sivyo ni uonevu. Lazima uwe na zaidi ya njia moja ya kutokea. Na ukiwa mzuri kweli, aliyenaswa anatoka anajijua zaidi kuliko alivyoingia.

Huu wa Jumamosi niliusumbukia sana. Mashujaa wanafika kwenye lango la chuma lililoshushwa. Mbali kidogo na lango, ndani ya chumba chembamba, mpini umechomoza ukutani. Ukiukandamiza, lango linapanda, ukiuachia, linaanguka. Anayekandamiza hawezi kupita. Pembeni niliweka jiwe zito, nikalitaja mara moja tu, kama mtu anayetaja rangi ya ukuta. Ukiliweka juu ya mpini, nyote mnapita. Lakini nilijua watu wana haraka. Mmoja atakandamiza kwa mkono, wenzake wataingia kwenye ukumbi wenye taji na masanduku, na maji yataanza kupanda pale alipo. Lango halikuwa mtego, dada. Mtego ulikuwa mazoea. Nilitaka kuona watachukua muda gani kumkumbuka aliyebaki nje. Nikaunda hata mfano wake kwa boksi la viatu, uzi, kijiko na mfuniko wa kopo. Unabonyeza kijiko, mfuniko unainuka.

Siku hiyo mwenzetu tunayemwita Chelewa hakuchelewa, hakuja kabisa. Mama alikuwa anapita na beseni la nguo za Bibi, nikamwomba ashike nafasi yake. Alicheka akasema yeye na dadu wapi na wapi, lakini akakaa. Shujaa wa Chelewa ni jitu lenye mashoka mawili. Mama aliuliza kama limekula.

Wengine walikuwa mwalimu wa hesabu, na muuguzi tunayemwita Sindano. Kabla hata sijamaliza kusimulia lango, Mwalimu alisema Mama abonyeze, maana jitu lake lina nguvu. Mama akaweka kidole juu ya kijiko. Wao wakaingia.

Wakasahau, kama nilivyopanga. Walifungua masanduku, wakagombania taji, Sindano akamwambia Mwalimu kwamba kichwa chake hakifai taji, kinafaa sufuria. Nikatangaza kwamba maji yamefika vifundoni mwa jitu. Wakamwambia Mama avumilie kidogo. Nikatangaza magoti. Wakasema wanakuja sasa hivi. Nikatangaza kifua, na Mwalimu alikuwa bado anapanga vito kwa rangi. Nikamtazama Mama. Kidole kilikuwa bado juu ya kijiko, na uso wake ulikuwa ule ule anaokuwa nao akimgeuza Bibi kitandani, uso wa mtu aliye kazini.

Kisha akainua kidole. Ka!

Mwalimu alibaki na dadu mkononi. Mama akaniuliza, kwa upole tu, huku nje alipo yeye sasa kuna nini. Nikafunua karatasi zangu. Nilikuwa nimeandika yatakayowapata walio ndani lango likianguka. Nilikuwa nimeandika jinsi aliyebaki nje atakavyozama. Kwa ajili ya mtu anayeachia, sikuwa nimeandika hata mstari mmoja. Mimi ninayejidai kuwaza kila njia, hiyo haikunipitia kichwani kabisa.

Basi Mama akasimulia mwenyewe. Jitu lilipanda ngazi, likatoka juani, likavua viatu, likakamua soksi. Likakaa. Alikaa nalo hapo kwa muda mrefu, dada, akitueleza joto la mawe mgongoni na namna maji yanavyokauka kwenye ngozi na kuacha vumbi jeupe. Miaka yote hii sijawahi kumsikia akisimulia kitu. Sindano alikuwa ameshika mdomo. Mimi niliogopa hata kukohoa. Alipotosheka, alilirudisha jitu chini, maji yakiwa yameshapungua, likabeba jiwe, likaliweka juu ya mpini, na akawaambia wenzake wanaweza kutoka sasa.

Sindano alimwuliza mbona hakuliweka jiwe tangu mwanzo, kama alilijua. Mama akajibu kwamba hakuna aliyemwuliza. Walisema Mama bonyeza, naye akabonyeza. Akachukua beseni lake akaenda kuanika.

Dada, unakumbuka tulivyojadiliana, mimi na wewe, nani aje akae nawe utakapojifungua. Tulipigiana simu, tukapanga na kupangua, tukakubaliana kwamba Mama hawezi kumwacha mkwewe, hasa tangu Baba atutoke. Tukamhurumia sana. Kumwuliza, hatukumwuliza. Jioni ile nilimfuata kwenye kamba ya nguo nikamwuliza kama angependa kuja kwako. Alibana kibanio cha mwisho, ndipo akaniambia kwamba anataka tangu siku ile uliyopiga simu kutuambia una mimba. Kofia ya mtoto ameshaifuma. Ameificha chini ya godoro, tusije tukaiona tukajisikia vibaya.

Wale wachapishaji wa michezo walionitaka nihamie kwao mwezi ujao, nimewaandikia kwamba mitego nitawatengenezea nikiwa hapa hapa nyumbani, na wakikataa, basi. Hawajajibu. Kitanda changu kiko chumbani kwa Bibi. Sindano amenifundisha kumgeuza na kumwogesha, na atakuwa anapita asubuhi kabla ya zamu yake ili nami niwahi ofisini, kisha mchana nitakuwa narudi kumlisha na kumgeuza. Bibi amekubali, ila ametaka ijulikane kwamba akikonda, sababu ni uji.

Nisalimie sana shemeji, mwambie asikuache upande ngazi. Bibi anakusalimu na kukuagiza ule ushibe. Salamu za Mama sikuziandika. Barua hii ameibeba yeye, na sasa hivi bila shaka ameketi mbele yako anangoja umalize kusoma. Tafadhali usimwulize anarudi lini. Nimemkatia tiketi ya kwenda tu.

Ni mimi mdogo wako,
Mtega Milango