Waya wa Njano

Jumatatu, 3 Machi

Imepita! Saa sabini na mbili, kosa hata moja hakuna. Mkuu wa maabara alisimama nyuma yangu akikitazama kihesabio cha makosa kana kwamba ni yeye aliyekesha nacho. Sifuri. Akaniambia nisaini, mzigo uondoke leo leo.

Nimesaini. Kadi sita za kupokea data, zote zinakwenda mgodini kwa kaka. Kule chini wamepachika vipima-mtikisiko mia tatu kwenye mwamba, vyote vinapeleka habari juu kwa uzi mmoja wa kioo, mbio ajabu. Mwamba ukianza kulia, watu watolewe kabla haujaanguka. Kaka ndiye anayesimika nguzo huko, kwa hiyo mwamba ukishuka unaanza na yeye. Nimempigia. Akasema basi, Profesa, sasa nitalala unono nikiwa kazini. Hana akili huyu.

Jumanne, 4 Machi

Mafua. Nimepiga chafya siku nzima. Hakuna jipya.

Alhamisi, 6 Machi

Kadi zimefungwa mgodini. Kaka anasema taa ya kijani inawaka vizuri. Wifi akamnyang'anya simu, akanishukuru mpaka nikaona haya. Tangu mwaka jana, jiwe lilipomvunja jirani yao mguu, kaka akiwa zamu, wifi chakula hakimpiti kooni. Leo kala sahani mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Naandikia chooni, kazini.

Nilikuwa nasafisha meza ya majaribio. Nikavuta mashine ya kutuma data ili nifute vumbi nyuma — waya wa njano umechomekwa. Bado umechomekwa! Tangu wiki iliyopita.

Ngoja nijieleze pole pole, labda naogopa bure. Data zinakuja bila saa, yaani bila pigo la kuonyesha kila tarakimu inaanzia wapi. Kadi ndiyo inayotakiwa kuitafuta saa ndani ya data zenyewe. Kila sifuri inapogeuka moja, au moja inapogeuka sifuri, saketi ya kulinganisha awamu inalitazama pigo la saa yake na kuliambia: umewahi. Au: umechelewa. Ndiyo kazi yake yote, mabilioni ya mara kwa sekunde. Data zisipogeuka haina cha kulinganisha, inabaki kubahatisha. Ndiyo maana jaribio gumu kuliko yote ni sifuri tupu kwa muda mrefu. Nami nililifanya, saa sabini na mbili.

Ila waya wa njano unatoa saa ya mashine ya kutuma na kuipa kadi moja kwa moja. Tunauchomeka asubuhi kupasha mitambo, kisha tunautoa. Sikuutoa. Nimempa mwanafunzi mtihani na majibu nikamtilia mfukoni.

Sio fundi mwingine, sio mfagizi. Ni mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudia kwa kadi ya akiba, bila waya. Nimeiweka kwenye oveni ya maabara, joto kama la kule chini. Nikaitumia sifuri tupu. Dakika ya kumi na moja saa yake ikawa imeshahama. Nikatuma data za kweli, za fujo, kama mwamba unaopasuka. Haikushika. Imehama mbali mno, hata data zikirudi haiwezi kurudi nazo. Skrini imeganda kwenye sifuri ya mwisho.

Na taa? Kijani. Taa inatazama tu kama saketi imetulia. Imetulia kweli, imetulia penye makosa.

Maana yake mwamba ukinyamaza dakika kumi na moja, sisi tunakuwa viziwi. Na ukija kusema baadaye, hakuna wa kusikia. Nimerudia mara nne. Jibu lile lile mara nne.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia mkuu. Akafunga mlango, akanimiminia chai. Akasema mgodini wanatoboa mawe mchana kutwa, hakuna dakika kumi na moja za ukimya duniani. Tutabadilisha kadi kwenye ukaguzi wa mwezi ujao, bila makelele. Nikiandika barua leo, tunafukuzwa wote wawili.

Halafu akauliza: "Nani mwingine anajua habari ya huo waya?"

Hakuna, nikasema.

"Basi waya haukuwepo."

Nikainywa chai yake. Niliimaliza! Najichukia.

Jioni nikampigia kaka, nimwambie. Nilidhamiria kabisa. Akanitangulia kwa stori: ngazi ya chini wamesimamisha utoboaji, wanasimika nguzo tu, kumetulia mpaka mtu anasikia tumbo lake likinguruma. Nikamwambia avae kofia. Kofia!

Jumatano, 12 Machi

Saa tatu na nusu asubuhi. Niko kwenye ngazi za nyuma za maabara, simu iko sikioni. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga ukunga.

Nimepiga chumba cha skrini cha mgodi. Amepokea mama mmoja mtu mzima, mpole. Anasema hii ni wiki nzuri kuliko zote, tangu jana mchana mwamba haujakohoa. Taa ya kijani. Nikamwomba apige simu ya chini, yeyote aliye karibu na kipima-mtikisiko agonge mwamba kwa nyundo.

Aliyepokea kule chini ni kaka. Nimeisikia sauti yake kupitia simu ya yule mama, anauliza nani anataka ngoma asubuhi yote hii. Sikuthubutu kujitaja.

Akagonga. Ko, ko, ko. Mimi nimesikia, niliye mbali huku.

Mama akaitazama skrini yake. Kisha akasema: "Mwanangu, hapa ni sifuri."

Agonge tena, nikasema, kwa nguvu. Akagonga. Sifuri.

Nikamwambia watoeni watu. Akamwita msimamizi, naye akachukua simu, akafoka. Chini wako mia mbili na kumi, lifti inachukua kumi na wanne, hawezi kuwapandisha wote kwa maneno ya mtu wa kwenye simu. Tena ana karatasi ya maabara mkononi: saa sabini na mbili bila kosa. Akanisomea tarehe. Akanisomea jina lililo chini ya sahihi.

"Huyu unamjua?"

"Ni mimi. Karatasi hiyo ni ya uongo. Nilisahau kutoa waya."

Nikasikia akiigeuza karatasi. Kisha: "Ulisahau nini?"

Nikamweleza, upesi upesi, sijui kama kaelewa nusu yake. Akasema nisubiri, anampigia mkuu wangu kwanza. Mkuu wangu!

Nasubiri. Simu ya chini hawajaikata. Kaka bado anagonga, ko, ko, ko, kwa bidii zake zote. Hakuna aliyemwambia aache.