Mkwaruzo Kati ya Mapigo

Kambi Muru, Kibera
Jumapili, mwezi wa sita

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini goti lako halikuumi tena na mvua imewaachia mtama kidogo. Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo Shangazi hataki uyajue. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu tukiongea kwa simu yeye huweka spika. Anayekuletea barua hii ni Mama Kyalo wa kanisani kwetu, naye atarudi Nairobi wiki ijayo.

Shuleni kwetu Kawangware, Mwalimu Odera wa chama cha sayansi alitufundisha kurekodi mapigo ya moyo kwa ajili ya mashindano ya shule. Tulifunga maikrofoni ndogo ndani ya faneli, tukaishikilia kifuani, na kompyuta ikageuza sauti kuwa namba, maelfu kila sekunde. Tulipimwa wanafunzi sita. Mioyo ya wenzangu ililia du-dup, du-dup. Wangu ulilia du-shhh-dup. Wote walicheka, na tangu siku hiyo wananiita Redio. "Niaje Redio, leo umeshika stesheni gani?"

Shangazi aliposikia habari hiyo, alisema atanipeleka kliniki. Nilifurahi, Mama, kwa sababu nikipandisha maji kutoka bombani huwa naona giza.

Lakini namba zilikuwa nyingi mno kwa kompyuta yetu kuukuu, kwa hiyo Mwalimu akabakiza moja tu katika kila ishirini. Sauti ikawa mbaya zaidi. Alitueleza kwamba ukiruka namba hivyo, kelele nyembamba za juu hazipotei. Hushuka chini, zikajichanganya na mapigo, zikajifanya sauti nzito. Lazima uchuje kwanza, uondoe sauti zote za juu, ndipo upunguze namba. Akafanya hivyo. Moyo wangu ukatoka safi, du-dup, kama wa wenzangu, nao wakapiga makofi.

Nikainua mkono. "Mwalimu, ile shhh yangu haikuwa kelele. Kelele ya waya ingesikika kwetu sote sita. Tena kelele haina mpangilio, lakini mkwaruzo wangu unakuja kila mara baada ya pigo la kwanza. Umechujwa kwa sababu nao uko juu."

"Mwende, unataka tushinde mashindano ama unataka kuhurumiwa?"

"Redio imezimwa, sasa imenuna," akasema Brayo, anayeketi nyuma yangu. Hata Mwalimu alicheka.

Mwalimu akamtumia Shangazi ile sauti safi. Shangazi aliwaita majirani mlangoni. "Skizeni moyo wa huyu mvivu. Moyo kama huu unaweza kuvuta mkokoteni." Habari ya kliniki ikaishia hapo. Sasa nabeba mitungi miwili badala ya mmoja. Alhamisi nilianguka kichochoroni, maji yakamwagika yote. Shangazi alikuja akasimama kando yangu, hakuniinua.

"Amka. Kompyuta imesema uko sawa."

Nilimweleza kwamba sauti aliyotumiwa imechujwa, na ya kwanza bado iko shuleni. Akanijibu, "Mamako alipokuleta alinionya nisikubebeshe vitu vizito. Nikadhani ni kukudekeza, na kumbe ndivyo."

Sikujua kama uliwahi kumwambia hivyo.

Ijumaa nilipita kliniki peke yangu. Nesi hakunifukuza. Alisema sauti ya faneli si kipimo, lakini atamwomba daktari anisikilize mwenyewe, mradi nilete neno la mzazi kuhusu ugonjwa wowote wa utotoni. Nilimwambia sikuwahi kuugua. Akanitazama vidole na kucha, akasema shida ya moyo wakati mwingine huonekana hapo, nikuulize wewe.

Nisalimie Nyanya, na viondo anavyosuka viendelee kupata wateja. Msalimie Mutua, kaka yangu mchunga mbuzi, na Baba akipiga simu kutoka machimboni. Usiwasomee mambo haya. Sina hasira nawe, Mama, na bado naamini nitamaliza shule.

Ni mimi mwanao Mwende, nikikuomba Mama Kyalo asirudi mikono mitupu: nilipokuwa mdogo, daktari alikuambia nini kuhusu moyo wangu?