Nyuzi Joto Nne, Kila Siku

Jumatatu, 3 Machi
Friji la chanjo la kliniki linasoma nyuzi nne. Ijumaa nne. Wiki nzima iliyopita — nne kamili. Friji gani halipandi hata nukta mlango ukifunguliwa? Programu niliiandika mimi. Joto linaletwa na kipimajoto. Binadamu kazi yake ni kulisoma tu. Likipita nane, chanjo zinaharibika. Na Alhamisi ni siku ya kuchanja watoto, mpwa wangu akiwamo. Kuna mtu anatuchezea.

Jumanne, 4 Machi
Mtunza stoo, huyu tunayemwita Hakuna Shida, leo ana bashasha ya ajabu. Nimemuuliza habari za friji. Eti halijawahi kumsumbua. Hakunitazama usoni. Simwamini hata kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Nimepekua kumbukumbu za programu. Kila asubuhi, saa mbili na dakika tano, mtu anachapa 4 kwa mkono. Ni yeye! Lakini joto si la kusomwa tu? Nani aliruhusu liandikwe? Nikashuka mpaka Julai. Jina langu.
Kikulacho ki nguoni mwako. Kipimajoto kiliharibika, Hakuna Shida akaniomba: kaka, nifungulie niwe nachapa mwenyewe, wiki moja tu. Nikafungua. Sikufunga. Kipimajoto kipya kilikuja, kinapima vizuri, ila kinachochapwa kwa mkono kinafunika kilichopimwa. Miezi minane! Nimeona aibu, nikaenda nyumbani bila kumwambia mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Saa tatu asubuhi. Nimefunga. Joto ni la kusomwa tu tena. Skrini ikasita kidogo, halafu: 13.
Hakuna Shida akapiga simu papo hapo. Ameona 13, kompyuta inamkatalia kuchapa 4, nimfungulie leo tu, watoto wamejaa foleni. Nikamuuliza mara ya mwisho alitazama friji lenyewe lini. Akasema mimi ndiye niliyemwambia achape nne. Labda nilisema. Sikumbuki.
Dada yumo kwenye foleni hiyo na mtoto wa wiki sita. Nimempigia yeye kabla ya muuguzi mkuu — kabla! Nikamwambia atoke, asimwambie mtu.
Kisha akauliza: hawa kina mama waliokwisha kuchomewa watoto wao, awaambie yeye, au nakuja kuwaambia mwenyewe?
Simu iko hapa mezani. Hajakata. Nasikia watoto wanalia, na mtu anaita anayefuata.