Ripoti Iliyo Kwenye Droo Yako

Kanyakine,
Imenti Kusini.
14 Mei 2024

Mpendwa mwanangu Kagwiria,

Hujambo huko kambini? Unakula vizuri? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo halipatani na mvua hizi. Mama yako Cicily ana afya na maringo. Tangu uwe kapteni, hakuna muuza ndizi sokoni ambaye hajaambiwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika ripoti ya kutaka makurutu waruhusiwe kunywa maji kwenye matembezi marefu, halafu ukaifungia kwenye droo, kwa kuwa amri ya kutofungua chupa hadi kilima kiishe niliiweka mimi, baba yako mdogo, nilipokuwa sajini mwalimu hapo. Mwanangu, hapo umenipenda vibaya.

Ukweli ni kwamba amri ile sikuifikiria. Mwalimu wangu alitunyima maji, nikadhani huo ndio ukakamavu, nikaiandika. Hakuna aliyeniuliza sababu. Angeuliza, ningemkimbiza uwanja mzima.

Kulikuwa na kurutu mmoja, Ireri, wa Kiambere. Alizimia kilimani, chupa imejaa maji kiunoni. Niliandika kwamba ni mvivu, akarudishwa nyumbani. Mwezi uliopita nilikwenda kumtafuta. Anafuga mbuzi, na hadi leo anahudhuria kliniki ya figo. Nilikuwa tayari kutukanwa. Alinipa kiti, kisha akaleta kikombe cha maji kabla sijasema kilichonipeleka.

"Afande, kunywa kwanza," aliniambia. "Jua ya huku ni kali."

Nililia, Kagwiria, mzee mzima mbele ya mbuzi wa watu.

Kwa hivyo usinihurumie. Jeshi nalipenda mpaka kesho, na wanaolipenda ndio wanaopaswa kuuliza kwa nini tunafanya hivi. Sisi tulidhani kuuliza ni kuasi, na makosa yetu yakazeeka yakawa desturi. Wakubwa watanung'unika. Wewe usipandishe sauti, waonyeshe tu orodha ya waliozimia. Ireri amekubali awekwe humo.

Mama anakusalimu sana, pia shangazi yako Virginia, na mdogo wako Kiunga, ambaye anasema umletee kofia. Mungu akutangulie ofisini mwa hao wakubwa na akurudishe kwetu salama.

Ipeleke ripoti Jumatatu. Na pale unaponiambia umeandika "mwalimu mmoja wa zamani", futa, uandike Sajini Marete.

Ni mimi baba yako mdogo, ninayekupenda na kujivunia,

Marete